Nyuma kwa pointi moja: siku tano kumfuata Jack Leslie

Siku ya kwanza, Jumapili. London Mashariki

Safari yangu ni ya Plymouth, kule kusini-magharibi mwa Uingereza, lakini nimeanzia huku mashariki mwa London kwa sababu ya buti.

Nimefikia kwa dada yangu, Barking. Asubuhi shemeji alinisindikiza hadi kituo cha basi, na nikashuka kwenye njia panda ya Barking Road na Green Street. Pale pana sanamu ya shaba ya wanaume wanne. Bobby Moore kabebwa mabegani na Geoff Hurst na Ray Wilson, kainua Kombe la Dunia la 1966, na Martin Peters yuko nao. Ukimtoa Wilson, hao wengine wote walikuwa wa West Ham. Uwanja wao wa Upton Park ulikuwa jirani tu na hapa, klabu ikahama mwaka 2016, ukavunjwa, yakajengwa maghorofa ya kuishi.

Watu wengi hupiga picha kombe. Mimi nilizunguka sanamu nikiangalia miguu. Moore kabebwa, kwa hiyo buti zake zinaning'inia, na ukisimama chini unaziona vizuri: kamba, kisigino, mkunjo wa ngozi pale vidole vinapojikunja.

Miaka ya mwisho ya 1960 na ya mwanzo ya 1970, mzee aliyezisafisha buti za Moore, Hurst na Peters pale West Ham alikuwa Jack Leslie. Alikuwa mtu mweusi wa mitaa hiyo hiyo, aliyezaliwa Canning Town, vituo vichache kutoka hapa, baba Mjamaika na mama Mwingereza. Buti za Clyde Best, mshambuliaji kutoka Bermuda, nazo zilipita mikononi mwake. Mzee huyu, kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, aliichezea Plymouth Argyle mechi 401 na kuifungia mabao 137. Na mwaka 1925 aliitwa timu ya taifa ya England, halafu akaachwa.

Nilimtumia mjomba wangu picha ya buti za Moore. Yeye yuko Tanga, alicheza winga wa kushoto daraja la kwanza enzi zake, na safari hii ninamsimulia kila jioni kwa simu. Akajibu kwa sauti: "Sasa huyo Leslie wako, mjomba, alivaa namba ngapi?" Nikamwambia alicheza mshambuliaji wa ndani kushoto, ambaye sisi tungemwita namba kumi, ila mgongoni hakuwa na namba. Jezi za ligi ya Uingereza hazikuwekwa namba hadi mwaka 1939.

Jioni nilitembea Canning Town. Leslie alijifunza ufundi wa kutengeneza boila, akicheza mpira katika klabu ya Barking Town, na mwaka 1921 Plymouth wakamchukua. Nyumba nyingi za wakati ule hazipo. Mabomu ya vita yalipiga sana upande huu wa bandari. Sikupata cha kugusa, nikarudi kula wali kwa dada.

Siku ya pili, Jumatatu. Reading, kisha Plymouth

Ningeweza kupanda treni ya moja kwa moja kutoka Paddington, lakini nilishuka Reading kwa makusudi, kwa sababu msimu ninaoufuatilia uliishia hapa.

Msimu wenyewe ni wa 1925–26, Daraja la Tatu Kusini. Ligi ilikuwa na timu 22, mechi 42, ushindi pointi mbili. Kaskazini walikuwa na Daraja la Tatu lao. Katika kila moja ilipanda timu moja tu, bingwa. Ukishika nafasi ya pili ni sawa na aliyeshika ya kumi: mwakani unaanza upya na safari zile zile.

Na safari zilikuwa safari. Tazama ramani uone Plymouth ilipo, kwenye pembe ya nchi, maji mbele yake. Jirani wa karibu alikuwa Exeter. Baada ya hapo ni treni tu: Norwich na Southend upande wa pili kabisa wa nchi, Gillingham, Brighton, Luton, Northampton, Watford, klabu za London kama Millwall, Charlton, Brentford na Crystal Palace, na kule Wales kwenye machimbo ya makaa, Merthyr na Aberdare. Nilipomsomea mjomba orodha hii alinyamaza kidogo, kisha akasema wao walikuwa wakitoka Tanga hadi Bukoba kwa basi, buti chini ya kiti, na ukifika miguu imevimba hata haiingii kwenye buti.

Kutoka kituo kidogo cha Reading West nilitembea hadi Norfolk Road. Hapo ndipo ulipokuwa uwanja wa Elm Park, nyumbani kwa Reading kuanzia 1896 hadi 1998. Leo ni mtaa wa nyumba, magari yameegeshwa, mtoto anaendesha baiskeli. Reading ulikuwa mji wa biskuti, kiwanda cha Huntley & Palmers kilijulikana dunia nzima, na timu yao ikaitwa Watu wa Biskuti. Mei 1, 1926, siku ya mwisho ya msimu, Watu wa Biskuti waliwafunga Brentford 7–1 wakachukua ubingwa kwa pointi 57. Plymouth walimaliza na 56.

Nilikaa kwenye ukingo wa barabara nikayaandika haya mabao kwenye daftari, maana kichwani hayakuwa yakikaa sawa. Plymouth msimu ule walifunga mabao 107. Reading walifunga 77. Tofauti ya mabao thelathini, na aliyefunga mengi ndiye aliyebaki chini. Ukichimba unaona sababu: Plymouth walifungwa 67, Reading 52. Plymouth walipoteza mechi kumi, Reading nane, na pale ambapo Plymouth walikufa, Reading walitoka sare; sare kumi na moja. Timu iliyojua kutopoteza iliipita timu iliyojua kufunga. Mimi moyo wangu uko kwa wafungaji, siwezi kuficha.

Mabao yalikuwa mengi nchi nzima mwaka ule, na chanzo chake ni sheria ya kuotea. Hadi kiangazi cha 1925 mshambuliaji alihesabiwa ameotea kama mbele yake hapakuwa na wapinzani watatu, kipa akiwemo. Mabeki wajanja walipanda juu hadi katikati ya uwanja, na mechi zikawa filimbi kila dakika. Sheria ikabadilishwa, wakabaki wawili. Katika Daraja la Kwanza peke yake mabao yalipanda kutoka 1,192 hadi 1,703 kwa msimu mmoja. Mtu kama Leslie, ambaye kazi yake ilikuwa kuingia katikati ya mabeki na kupenyeza pasi kwa winga wake, alifunguliwa mlango.

Treni ya mchana kuelekea magharibi ilichelewa, na nafasi niliyolipia ilikuwa imekaliwa, nikasimama hadi Exeter. Hilo lilisahaulika tulipofika Dawlish. Reli pale inapita juu ya ukuta wa bahari, bahari yenyewe iko chini ya dirisha, na wimbi likiwa kubwa maji yanarukia kioo. Mwaka 2014 dhoruba iliubomoa ukuta huo, njia ikafungwa miezi miwili. Katika miaka ya 1920 treni maarufu ya njia hii ilitoka Paddington hadi Plymouth, takriban kilomita 360, kwa zaidi kidogo ya saa nne bila kusimama. Jua lilikuwa linazama. Niliwaza wachezaji kumi na mmoja waliofungwa London, jeraha la goti limekauka ndani ya soksi, wanapita hapa gizani na kusikia bahari tu.

Siku ya tatu, Jumanne. Home Park

Kutoka stesheni ya Plymouth ni mwendo wa dakika ishirini kupanda, kupitia bustani kubwa ya Central Park. Upepo ulikuwa mkali. Uwanja wa Home Park unauona kwa mbali, kijani. Argyle ni wa kijani tangu zamani, enzi zile kijani na nyeusi, na mimi ambaye nimelelewa Yanga nilijisikia niko kwetu kabla sijafika getini.

Sanamu ya Leslie iko nje ya uwanja. Ilizinduliwa Oktoba 7, 2022, na watu wa kawaida ndio waliochanga, zaidi ya pauni 100,000, kampeni iliyoanza 2020. Ni kubwa kuliko mtu. Nilifika saa tatu na nusu asubuhi, hapakuwa na mtu. Kwanza niliangalia buti, bila shaka. Buti za wakati wake zilipanda juu ya kifundo cha mguu, ngozi nene, njumu zilipigiliwa kwa misumari, na zikilowa zilikuwa nzito kama kitu cha kubebea mchanga. Matone ya mvua ya usiku yalikuwa bado yamekaa juu ya shaba, kwenye kamba. Nikayafuta kwa kiganja. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Niliona tu siwezi kupiga picha kabla sijayafuta.

Hapa nieleze habari yenyewe, kwa sababu hapa ndipo ilipotokea.

Mwanzoni mwa Oktoba 1925 kamati ya uteuzi ya chama cha soka ilikutana kuchagua timu ya England ya kwenda Belfast kucheza na Ireland. Meneja wa Plymouth, Bob Jack, alimwita Leslie akamwambia amechaguliwa. Magazeti yakalitaja jina lake katika orodha. Mchezaji wa Daraja la Tatu kuitwa England lilikuwa jambo kubwa, mji mzima ulizungumza. Siku chache baadaye orodha ikatoka tena, jina la Leslie halipo, nafasi imeandikwa Billy Walker wa Aston Villa. Leslie hakupewa sababu. Uzeeni alisimulia mwenyewe kwamba watu wa chama walikuja kumtazama, na walichokitazama si mpira wake bali uso wake. Alisema lazima waliomchagua walisahau kwamba yeye ni mtu mweusi.

Oktoba 24, 1925, England walitoka suluhu 0–0 na Ireland kule Belfast. Siku hiyo hiyo, hapa Home Park, Plymouth waliwachapa Bournemouth 7–2 na Leslie alifunga mawili.

Nilisimama sana na hilo. Uwanja wa leo si ule wa siku ile. Jukwaa kuu liliungua kwa mabomu ya Wajerumani mwaka 1941, mji wa katikati nao ukateketea. Lakini eneo la kuchezea ni hapa hapa. Nilitembea kando ya ukuta mpaka mahali ambapo kwa pengo la lango unaweza kuona kipande cha nyasi, karibu na kibendera cha kona. Mtu alikuwa anasukuma mashine ya kukatia majani, anakwenda na kurudi. Nikajiambia huenda moja ya yale mawili liliingia upande huu.

Mzee mmoja wa makamo ya mjomba alikuja na mbwa wake, akasimama. Aliniuliza nimetoka wapi, nikamwambia Tanzania. Akasema babu yake alikuwa fundi katika karakana ya jeshi la majini kule Devonport na hakukosa mechi ya nyumbani, na nyumbani kwao jina la Leslie lilitajwa kama la mtu wa ukoo. Hakusema zaidi. Aliigusa sanamu mguuni, akaenda zake.

Mchana nilikwenda mtaa wa Peverell, jirani na uwanja, kuiona nyumba aliyokaa, Glendower Road. Pana kibao ukutani. Ni nyumba ya kawaida katika mstari wa nyumba zinazofanana. Mchezaji wa wakati ule, hata angekuwa hodari namna gani, hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni nane kwa wiki wakati wa msimu, na alitembea kwenda uwanjani pamoja na watu waliokwenda kumtazama.

Siku ya nne, Jumatano. Plymouth, mvua

Mvua kutwa. Nilikaa The Box, jumba la makumbusho la mji, nikiandika na kupanga niliyonayo, na jioni nikaongea na mjomba saa nzima.

Aliuliza winga wake alikuwa nani. Hilo swali ni la winga. Nikamwambia ni Sammy Black, Mskoti mdogo wa umbo aliyekuja 1924, akacheza kushoto kwa Leslie miaka kumi. Black ndiye aliyefunga mabao mengi kuliko wote katika historia ya Argyle. Katikati, msimu ule wa 1925–26, alisimama Jack Cock, aliyepata nishani ya ushujaa katika Vita vya Kwanza, naye alipachika mabao 32 ya ligi. Golini alikuwa Fred Craig, ambaye hata penalti alipiga. Mjomba alicheka kwa furaha: "Kipa anapiga penalti! Hiyo timu ilikuwa na raha."

Kisha nikamtajia beki wa kushoto, Moses Russell, mwenye upara. Alikuwa wa Wales, na Wales walimwita zaidi ya mara ishirini katika maisha yake ya mpira, nyingi akiwa hapa hapa Plymouth, Daraja la Tatu. Mjomba akanyamaza. Akasema, "Kumbe daraja halikuwa tatizo." Ndiyo, mjomba. Chumba kimoja cha kubadilishia nguo, daraja moja, mmoja anaitwa na mwenzake analifuta jasho na kuendelea.

Halafu nikamsomea jedwali la miaka sita, na nitaliweka hapa kama nilivyomsomea. 1922, wa pili nyuma ya Southampton, pointi 61 kwa 61. Siku hizo mlipolingana mlichukua mabao ya kufunga mkagawanya kwa ya kufungwa. Mjomba akachukua kalamu: Southampton 68 kwa 21, Plymouth 63 kwa 24. Tatu na ushei dhidi ya mbili na nusu na ushei. Plymouth walikuwa wanafungwa 2–0 na Queens Park Rangers siku ya mwisho wakati Southampton wanashinda 5–0. 1923, wa pili nyuma ya Bristol City. 1924, nyuma ya Portsmouth. 1925, nyuma ya Swansea. 1926, nyuma ya Reading kwa pointi moja. 1927, nyuma ya Bristol City tena.

"Mara sita mfululizo?" Mara sita mfululizo, mjomba. Leslie alikuwepo klabuni miaka yote sita.

Nilijaribu kufikiria Agosti ya mwaka wa saba. Unafunga kamba, unapanda treni ya kwenda Luton. Mtu anayefanya hivyo anapenda mpira kwa namna ambayo sina jina lake.

Walipanda 1930. Pointi 68, mechi 30 za ushindi, nne tu za kupoteza, na ya kwanza kupoteza haikuja hadi Desemba. Brentford mwaka ule walishinda mechi zao zote 21 za nyumbani, zote, na bado hawakuwafikia. Wakabaki nyuma kwa pointi saba. Leslie alicheza Daraja la Pili hadi jeraha la jicho lilipommaliza katikati ya miaka ya 1930, akarudi kwenye kazi ya boila, na mwishowe chumba cha buti cha West Ham. England haikumwita tena. Mchezaji mweusi wa kwanza kuichezea timu ya wakubwa ya England alikuwa Viv Anderson, Novemba 1978. Leslie alikuwa bado hai.

Alifariki 1988.

Siku ya tano, Alhamisi. Kurudi

Kabla ya treni nilipanda tena Home Park. Mvua imekata, jua la asubuhi liko upande wa uso wa sanamu. Watoto wa shule walikuwa wamepangwa mistari miwili, mwalimu wao anawaeleza, na binti mmoja mweusi mwenye nywele za kusuka alikuwa ameketi kwenye msingi wa sanamu akifunga kamba ya kiatu.

Wajukuu wa Leslie walikabidhiwa kofia yake ya England Machi 2023 pale Wembley, kabla ya mechi na Ukraine. Kule England ukichezea taifa unapewa kofia halisi, ya kitambaa, yenye kishada. Hii ilitolewa kwa heshima, miaka 97 baada ya Belfast. Nimefurahi kwamba ipo. Nimekasirika pia, na ninaandika yote mawili kwa sababu yote mawili ninayo.

Treni imeondoka kwa wakati. Mei 1926, siku tatu tu baada ya Reading kutwaa ubingwa, ulianza mgomo mkuu wa wafanyakazi wa Uingereza na treni zikasimama nchi nzima. Ubingwa ungeamuliwa wiki moja baadaye, sijui wangesafirije.

Dawlish bahari ilikuwa tulivu, rangi ya maziwa. Nilimtumia mjomba picha mbili: buti za Moore kutoka Barking Road, na buti za Leslie. Ujumbe wake ulinifikia tukiwa tumeipita Reading.

"Mjomba, hizo za pili nimezikuza kwenye simu. Umezifuta?"

Nikamjibu nimezifuta.

"Umefanya vizuri," akasema. "Mwambie dada yako anisalimie watoto."